Unga wa Watu Wawili

Mwalimu alipotangaza vita dhidi ya nduli Idi Amin, tarehe 2 Novemba, 1978, askari wa JWTZ, vijana wa JKT na mgambo walielekea Kagera. Nyuma yao walibaki wake na wachumba, ambao kungoja kwao hakukutangazwa katika taarifa ya habari.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mjini Dar es Salaam. Kwa majuma mengi, asema, mkono wake ulizidi kupima unga wa watu wawili. Kiporo akakila asubuhi kwa chai ya rangi. Kila Jumamosi aliipiga pasi shati ya mumewe, kisha akaikunja tena. Barua zilipofika, hazikutaja alipo.

Kampala ilipotekwa, tarehe 11 Aprili, 1979, mtaa mzima ulishangilia. Usiku ule alipima unga wa wawili kwa kusudi. Lakini baadhi ya vikosi vyetu vilibaki Uganda, na vya mwisho viliondoka mwaka 1981. Huko kungoja kwa baada ya ushindi, asema, ndiko kulikomwelemea zaidi, kwani majirani walikuwa wamekwisha acha kumwuliza habari.