Kasri Jekundu la Granada na Neno Lililobaki Ukutani

Kusikia si kuona, na kuona nako si kusoma. Kila siku watu maelfu hupanda kilima cha Alhambra, katika mji wa Granada kusini mwa Uhispania, wakarudi makwao na picha za nakshi na vigae. Lakini aghalabu yao kuta zenyewe hawakuzisoma. Nami nakuandikieni habari za kasri hili, wasomaji wapenzi, kwa kuwa limeandikwa kwa herufi zile zile tulizofunzwa chuoni kwa ubao na wino. Aliyejaaliwa kuunganisha alifu na lamu, akifika pale huona amesimama mbele ya kitabu, wala si mbele ya jumba.

Jina la Alhambra asili yake ni al-Hamra, yaani jekundu. Ukilitazama asubuhi kutoka ng'ambo ya mto Darro, jua linapozipiga kuta zake za udongo ulioshindiliwa, huhitaji kuambiwa sababu ya jina hilo. Nyuma yake imesimama milima ya Sierra Nevada na theluji yake. Chini yake umetandazika mji. Upande wa magharibi ipo ngome ya askari, Alcazaba, jina litokanalo na al-qasaba. Katikati yapo majumba ya masultani. Upande wa mashariki, juu zaidi, ziko bustani za Generalife, jina ambalo kwa Kiarabu lilikuwa Jannat al-Arif. Neno jannat, kwetu sisi, halina haja ya mkalimani.

Aliyeanza kulijenga kasri ni Muhammad bin Yusuf, maarufu kwa jina la Ibn al-Ahmar, aliyeingia Granada mwaka 1238 akaasisi dola ya Banu Nasr. Wakati huo miji ya Waislamu wa Andalusia ilikuwa ikianguka mmoja baada ya mwingine: Cordoba ulikwisha kutekwa mwaka 1236. Ibn al-Ahmar aliiokoa dola yake kwa bei ghali. Mwaka 1246 aliutoa mji wa Jaén kwa Ferdinand III, mfalme wa Castile, akakubali kuwa chini yake na kumlipa kodi. Na mwaka 1248, Ferdinand alipouteka Seville, mji mkubwa wa Waislamu, askari wa Granada walikuwamo katika jeshi lake.

Wapokezi wa visa husimulia kwamba sultani huyo aliporejea Granada, watu walitoka kumlaki wakimwita mshindi, naye akawajibu: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Iwapo aliyasema siku ile au la, maneno hayo, wa la ghaliba illa Llah, ndiyo yaliyokuwa alama ya ukoo wake, na ndiyo yaliyochongwa kasri zima. Nimeyaona juu ya milango, katika matao, pembeni mwa madirisha, na katika mikanda myembamba ya jasi ambayo jicho lisilozoea hudhani ni majani na maua tu. Nilikuwa nikiyasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, mama mmoja mgeni aliyekuwa kando yangu akaniuliza nimeyajuaje. Nikamwambia: "Kwa mwalimu wangu wa chuoni, nikiwa mtoto." Akautazama ukuta tena, na safari hii aliutazama kitambo.

Mwenye kupenda ushairi, pale ana karamu yake. Mashairi ya kasri yametungwa na watu wa diwani ya masultani, na wakubwa wao watatu walipokezana ilimu mwalimu kwa mwanafunzi. Wa kwanza ni Ibn al-Jayyab. Mwanafunzi wake ni Lisanuddin Ibn al-Khatib, waziri, tabibu na mwanahistoria. Na mwanafunzi wa Ibn al-Khatib ni Ibn Zamrak, ambaye beti zake zimechongwa ukingoni mwa bakuli la marumaru lililobebwa na simba kumi na wawili, katika ua uliojengwa zama za Sultani Muhammad V. Humo mshairi anastaajabu jinsi maji na marumaru yalivyofanana, hata mtu asijue kipi kitiririkacho.

Lakini walioandika uzuri ule hawakusalimika na fitina. Ibn al-Khatib alipokosana na sultani wake alikimbilia Morocco, na miongoni mwa waliofuatilia mashtaka juu yake ni huyo huyo Ibn Zamrak, aliyekwisha kuketi mahali pake. Mwalimu alinyongwa gerezani Fez mwaka 1374. Mwanafunzi naye, miaka kiasi cha ishirini baadaye, aliuawa. Nilisimama mbele ya simba wale nikiwaza: kalamu moja yaweza kutunga beti tamu kama asali, na kwa wino ule ule ikamwandikia mwalimu wake kifo.

Kutoka majumbani nilipanda kwenda Generalife, na huko ndiko nilikoufahamu moyo wa mahali hapa, nao ni maji. Kilima kile hakina mto juu yake. Wajenzi wa Banu Nasr waliyakinga maji ya mto Darro mbali huko juu, wakayaleta kwa mfereji wa kilomita kama sita, yakishuka polepole kwa mteremko wao wenyewe, bila ya chombo cha kuyasukuma. Mfereji huo hupita katikati ya ua mrefu wa Generalife, huku na huku maua, michungwa na mihadasi. Ipo ngazi ambayo maji hupita juu ya kuta zake za pembeni, pale ambapo mkono wa mpandaji hushika, hata unapanda na maji yanashuka chini ya kiganja chako. Kando yake yapo makonde ya mboga na matunda ambayo hulimwa hadi leo. Bustani ile ilikuwa ya kula na ya kutazama pia.

Na hapa lipo jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada kiasi cha mwaka 1350. Katika bustani moja ya mji ule aliwasimulia wenyeji wake habari za safari zake, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana mwanachuoni, Ibn Juzayy. Baadaye, huko Fez, ni kijana huyo aliyekiandika kitabu cha safari kwa imla ya msafiri. Basi habari za Mombasa ya kale, misikiti yake ya mbao, visima vilivyo mlangoni, na watu wanaoosha miguu kabla ya kuingia kuswali, zimetufikia kwa mkono wa mtu wa Granada. Mlango wa msikiti wetu na bustani yao vilikutana katika kalamu moja, na maji ndiyo yaliyoelezwa.

Tarehe 2 Januari 1492, Sultani Abu Abdillah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliukabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella. Kabla ya hapo ukoo ule ulikuwa umepigana wenyewe kwa wenyewe: mwana na baba, kisha mpwa na ami. Ahadi ya kuwaachia Waislamu dini yao haikudumu hata miaka kumi na moja. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile waliamriwa wabatizwe au wahame. Mahali pa msikiti wa kasri lilijengwa kanisa. Tangu 1527 mfalme Charles V alianza kujenga jumba lake kubwa la mawe ubavuni mwa majumba ya Banu Nasr. Lakini yale maneno ukutani washindi waliyaacha. Nadhani hapana kitu katika ngome ile kilichosadikika kuliko hayo: walioyachonga walishindwa, na waliowashinda nao wamepita.

Nasi tusilie ya Granada tukasahau ya kwetu. Mwaka 1498, miaka sita tu baada ya siku ile, Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Akakosana na wenyeji, akaenda Malindi, na Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, ikampokea kwa mikono miwili. Mwaka 1505 Wareno waliichoma Mombasa, na mwaka 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus. Aliyepita mlango wa Seville na jeshi la Ferdinand, na aliyemkaribisha Mreno ili amkomoe jirani, wote wawili walidhani wamemtumia mgeni. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Lakini anayemfungulia adui mlango wa nduguye, hana haja ya kuuliza lini zamu yake itafika.

Vita vile vimekwisha. Kilichobaki mikononi mwetu ni kusoma. Pale Kizimkazi, Unguja, msikiti una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kabla haujawekwa hata msingi wa majumba yale ya Granada. Siyu, Pate na Lamu zingaliko nakshi za chokaa, makaburi yenye majina, na makasha ya tenzi yanayotafunwa na mchwa. Tuwapeleke watoto wetu mbele ya kuta hizo wakazisome herufi kwa herufi, na yaliyomo makashani yanakiliwe wakati wenye kuyajua wangali hai. Maji ya Granada yanafika bustanini kwa kuwa kila kizazi kimekuwapo mtu wa kuzibua mfereji. Na neno nalo lina mfereji wake.

Ya Rabbi tujaalie tuwe wazibuaji. Amin.