Kumwogopa Mwana na Kumchelea Mwana

Mama aendapo shuleni kuzungumza na mwalimu kwa Kiingereza, neno moja dogo laweza kugeuza maana nzima. Akisema "I am afraid of my son", mwalimu atafahamu kwamba mama anamwogopa mwanawe, pengine kijana humtisha nyumbani. Akisema "I am afraid for my son", atafahamu kwamba anamchelea asije akapatwa na baya. Tofauti ni "of" na "for" tu, lakini hatua atakazochukua mwalimu hazitafanana hata kidogo. Sisi kazi hiyo twaweza kumwachia kitenzi chenyewe. Ndiyo maana wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, wala hawakusema mwogopa mwana.

Hospitalini kuna mtego mwingine. Daktari asemapo "I'm afraid the results are not ready", haogopi lolote. Anaomba radhi kwa adabu kwamba majibu hayajawa tayari. Mjukuu anayemfasiria bibi yake akitamka kwamba "daktari anaogopa", bibi wa watu atarudi nyumbani na kihoro kisicho na sababu. Hapo "samahani" yatosha.

Maneno mengine yana vipimo vyake. "Scared" ni la mazungumzo ya kila siku. "Frightened" humfaa aliyetishwa na kitu, kama mlango kugongwa usiku wa manane, na "terrified" ni hofu ya kutetemesha mwili. Wanaosimamia insha za watoto wakumbuke pia kwamba "afraid" halitangulii nomino: husemwa "a frightened girl", si "an afraid girl".

La kuangaliwa zaidi ni "anxious". Kwa kawaida ni wasiwasi, lakini likifuatwa na "to" hugeuka kuwa hamu. Mkwe akiandika kwamba ni "anxious to see you", ana shauku ya kukuona, wala hana hofu nawe.

Kwa mama asiye na hakika, "I am worried about my son" haina utata. Na akipenda aseme kwa Kiswahili: Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha rasmi sawa na Kiingereza, kwa hivyo "namchelea mwanangu" ni kauli halali mbele ya mwalimu yeyote nchini.