Betri Nzima, Gari Haliwaki: Ukinzani Uliojificha Katika Nyaya

Katika kata ya Nyasubi mjini Kahama, kama ilivyo katika miji mingi ya ukanda wa dhahabu kati ya Shinyanga na Geita, gari dogo la familia la aina ya Noah hutumika kwa shughuli nyingi. Asubuhi hupeleka watoto shuleni, mchana hubeba magunia ya mpunga, na usiku huweza kuitwa kumkimbiza mgonjwa hospitali. Gari la namna hiyo linapokataa kuwaka, lawama huangukia betri. Mwenye gari hununua mpya kwa fedha nyingi, huifunga, na pengine huona kuwa hali ni ile ile. Makala haya yanakusudia kueleza sababu, kwani jibu limo katika kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia ameisoma darasani.

Linalowatatanisha wengi ni hili: taa zinawaka na honi inalia, lakini ufunguo ukizungushwa husikika mlio mmoja mkavu tu, kisha kimya. Ikiwa umeme wa taa upo, mbona wa kuwashia injini haupo?

Mnamo mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alieleza kwamba volteji inayotumika katika kipitishio ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, kwa hiyo betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Taa mbili kubwa za mbele hutumia mkondo wa karibu ampea 10. Stata, yaani mota inayozungusha injini, huweza kudai ampea 150 au zaidi. Sasa na tuseme kuna kutu kati ya kichwa cha betri na kibanio cha waya, yenye ukinzani wa ohmu 0.02 tu. Taa zikiwashwa, hupotea volti 0.2, kiasi ambacho jicho haliwezi kukitambua. Stata ikivuta ampea 150, hupotea volti 3 mahali hapo hapo! Kwa hakika mkondo wenyewe nao hupungua, na stata hubaki bila nguvu ya kuzungusha injini. Aidha, volti 3 kwa ampea 150 ni wati 450, karibu nusu ya nguvu ya pasi ya umeme, na zote zinageuka joto katika kibanio kimoja. Ndiyo maana fundi mzoefu hukisogezea mkono kibanio mara baada ya kujaribu kuwasha gari.

Kutu hiyo hutokana na betri yenyewe. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859, betri ya aina hii imekuwa ni bamba za risasi ndani ya tindikali ya salfuriki. Inapochajiwa, gesi za haidrojeni na oksijeni hutoka zikibeba matone madogo mno ya tindikali. Matone hayo hula kibanio na kuacha unga mweupe. Yakifikia shaba, huacha rangi ya buluu au kijani. Ubaya ni kwamba shaba huweza kuliwa ndani ya ganda la plastiki, huku waya ukionekana mzima kwa nje. Mtikisiko wa barabara za udongo za kuelekea machimboni nao hulegeza boliti.

Waya wa ethi husahauliwa zaidi. Injini imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Mkondo hauna budi kurudi kwenye betri kupitia waya huo. Ukikatika, mkondo hutafuta njia nyingine, hata kupitia kebo ya mafuta, ambayo huweza kuungua.

Kipimo cha ohmu cha kawaida hakifai hapa: hakiwezi kupima ohmu 0.02 kwa uhakika, na waya uliobakiwa na nyuzi chache utaonekana mzima. Pima volteji wakati mkondo mkubwa unapita. Weka ncha moja ya voltimita juu ya kichwa chenyewe cha betri, na nyingine juu ya kibanio. Mwenzako azungushe ufunguo. Kiungo kizuri hakizidi volti 0.2. Kisha pima toka kichwa chanya hadi boliti ya stata, na toka kichwa hasi hadi mwili wa injini. Kila upande usizidi volti 0.5 hivi. Lakini ikiwa volteji kati ya vichwa viwili vya betri inaanguka chini ya 9.6, hapo betri ni dhaifu kweli, au haina chaji.

Katika kusafisha, fungua waya hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itafunga mzunguko wenye mamia ya ampea. Osha kutu kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji. Povu litakaloonekana ni kaboni dioksidi, ishara kuwa tindikali inapoozwa. Magadi yasiingie ndani ya seli. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi, na waya hasi uufunge mwisho. Sigara na kibiriti viwe mbali, kwa kuwa haidrojeni iliyokusanyika juu ya betri hulipuka kwa cheche moja, na tindikali hurukia macho.