Ndoto ya Kumiliki Nyambizi ya Kijerumani

Nyambizi za Kijerumani za Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni miongoni mwa vyombo vinavyotamaniwa mno na wapenzi wa historia ya bahari. Wako wanaoridhika kuzisoma vitabuni, na wako wanaotamani kuwa na yao wenyewe: kuinunua, kuzifufua injini zake, kuifunga gatini na, ikiwezekana, kuzama nayo. Wachache wamewahi kuikaribia ndoto hiyo kweli. Yaliyowakuta, pamoja na kanuni za fizikia na kemia zinazotawala chombo cha namna hii, yanaonyesha kuwa nyambizi kuukuu haimpi mmiliki raha ya chombo. Inampa kazi ya kuitunza, na kazi hiyo inazidi uwezo wa mtu mmoja.

Zilizobaki

Kati ya 1935 na 1945 Ujerumani iliingiza kazini takriban nyambizi 1,150. Zaidi ya 700 zilipotea vitani. Kati ya mabaharia wapatao 40,000 waliozitumikia, karibu 30,000 hawakurudi nyumbani. Vita vilipokwisha Mei 1945, nyingi zilizamishwa na mabaharia wake wenyewe ili zisiangukie mikononi mwa adui, na 156 zikasalimishwa. Uingereza, Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana kila moja ibaki na 10 za kufanyia uchunguzi, na zilizosalia ziharibiwe. Kati ya Novemba 1945 na Februari 1946, katika Operesheni Deadlight, nyambizi 116 zilizamishwa kaskazini-magharibi ya Ireland. Nyingi zilikuwa mbovu kiasi kwamba zilizama zikiwa bado zinakokotwa, kabla ya kufikishwa mahali palipokusudiwa.

Leo zimebaki nne tu za ukubwa kamili zinazoweza kutazamwa nchi kavu au gatini. U-505 iko Chicago, Marekani. U-995 iko Laboe, karibu na Kiel, na U-2540, iliyopewa jina la Wilhelm Bauer, iko Bremerhaven, zote nchini Ujerumani. U-534 iko Birkenhead, Uingereza. Zote zimo mikononi mwa makumbusho, vyama au taasisi za umma, na hakuna hata moja inayozama tena.

Chombo chenyewe

Aina iliyoundwa kwa wingi kupita zote ni VIIC. Ilikuwa na urefu wa mita 67 na upana wa mita 6.2. Ikielea juu ya maji uzito wake ulikuwa tani 769, na ikizama tani 871. Tofauti hiyo ya tani 102 ndiyo siri ya kuzama kwake: ni maji ya bahari yanayoingizwa katika matangi maalumu mpaka uzito wa chombo ulingane na uzito wa maji kinayoyasukuma kando. Ili kuibuka, hewa iliyoshindiliwa katika mitungi hufunguliwa, ikayafukuza maji yale kutoka matangini.

Juu ya maji nyambizi iliendeshwa na injini mbili za dizeli kwa mwendo wa hadi kilomita 33 kwa saa. Chini ya maji injini hizo hazikufaa, kwa kuwa dizeli haiwaki bila hewa. Hapo kazi iliachiwa mota mbili za umeme zilizotegemea seli 124 za betri ya risasi na asidi. Kwa mafuta yake yote, tani zipatazo 113, VIIC iliweza kusafiri karibu kilomita 15,700. Kwa betri zake ilikwenda kilomita 150 hivi kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, kisha ilibidi iibuke kuzichaji upya. Kwa hiyo nyambizi ya enzi hizo ilikuwa meli ya juu ya maji iliyojaliwa uwezo wa kujificha kwa muda. Aina ya XXI, ambayo U-2540 ni mfano wake pekee uliobaki, ndiyo ya kwanza kukusudiwa iishi chini ya maji. Betri yake ilikuwa na seli 372, na mwendo wake ikiwa imezama ulikaribia kilomita 32 kwa saa.

Kuzama kwa dharura kunaonyesha ni watu wangapi mmiliki angewahitaji. Kengele ilipolia, mafundi walizima dizeli na kufunga vali za hewa, wengine wakaunganisha mota za umeme na mihimili ya rafadha, wengine wakafungua matundu ya matangi ili maji yaingie. Wasio na kazi walikimbia hadi omo ili uzito wao uinamishe chombo. Katika takriban sekunde 30 nyambizi ilikuwa imetoweka juu ya maji. Vali moja ikisahaulika, maji yalimwagika ndani. VIIC ilihitaji mabaharia kati ya 44 na 52, kila mmoja akijua gurudumu lake na zamu yake hata gizani. Walikuwa na vyoo viwili, na mwanzoni mwa safari kimoja kilijazwa vyakula hadi darini.

Gamba na kutu

Gamba la VIIC linalohimili mgandamizo wa maji lilikuwa la chuma chenye unene wa milimita 18.5, likishikiliwa na mataruma ya chuma. Kina lilichokadiriwa kuhimili ni mita 230. Katika kina hicho kila mita moja ya mraba hulemewa na uzito unaofikia tani 230. Umbo la mviringo ndilo linaloliokoa gamba, kwa sababu mzigo hugawanyika sawasawa kuzunguka duara na kukibana chuma badala ya kukikunja. Ulinzi huo hudumu mradi duara libaki duara na unene ubaki uleule.

Kutu huvunja masharti yote mawili. Ikila milimita 2 tu, gamba limepoteza zaidi ya asilimia 10 ya unene wake. Kibaya zaidi, haili kwa usawa. Huchimba vishimo kwenye maungio, nyuma ya mabomba na chini ya rangi, na pale panapodhoofika ndipo duara huanza kubonyea. Rafadha za shaba nyeusi zilizo karibu na chuma huzidisha uharibifu, kwani metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi huwa betri ndogo ambamo chuma ndicho kinacholiwa. Hakuna mhandisi makini anayeweza kuidhinisha gamba la miaka 80 lizamishwe tena na watu ndani.

Kuitoa nyambizi majini pia si dawa. Chuma kilichokaa baharini kwa miongo hunyonya chumvi ndani ya tabaka zake za kutu, na kikikutana na hewa yenye oksijeni tele huoza kwa kasi kuliko kilivyooza kikiwa kilindini. Wataalamu hulitibu tatizo hili kwa kukilowesha chuma ndani ya maji yenye hidroksidi ya sodiamu ili chumvi itoke taratibu. Ndivyo ilivyotunzwa nyambizi ya Kimarekani H. L. Hunley, iliyozama 1864 na kuopolewa mwaka 2000. Lakini Hunley ina urefu wa mita 12 tu. Chombo cha mita 67 au 76 kingehitaji birika la ukubwa wa chelezo ya meli, na kukaa humo kwa miaka mingi.

Betri na gesi

Betri ni hatari ya pili. Zikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi isiyo na harufu inayolipuka kwa cheche ndogo. Maji ya bahari yakiziingia hutoa klorini, gesi inayounguza mapafu. Aprili 1945, karibu na pwani ya Uskoti, maji yaliingia katika U-1206 kupitia mfumo wa choo na kufikia betri. Klorini ikasambaa na nahodha akalazimika kuibua chombo. Ndege za adui zikaishambulia, ikaachwa izame.

Hatari hizo hubaki hata vita vikiisha. Mnamo Aprili 1919 nyambizi ya Vita Kuu ya Kwanza, U-118, ilikatikiwa na kamba ikikokotwa kwenda kuvunjwa, ikatupwa katika ufuo wa Hastings, Uingereza. Watu walimiminika kuitazama. Walinzi wawili wa pwani waliokuwa wakiwatembeza wageni ndani yake waliugua kutokana na gesi, inayodhaniwa ilitoka kwenye betri zilizoharibika, na wote wawili wakafariki miezi iliyofuata.

Waliojaribu

Mfano wa mapema wa nyambizi ya Kijerumani kumilikiwa na mtu binafsi ni Deutschland. Iliundwa 1916 kama nyambizi ya biashara isiyo na silaha, na Julai mwaka huo ilivuka Atlantiki hadi Baltimore ikiwa na shehena. Mwaka 1917 iligeuzwa ya kivita na kuitwa U-155, kisha ikasalimishwa Novemba 1918. Iliangukia mikononi mwa Horatio Bottomley, mbunge na mchapishaji wa magazeti wa Uingereza, akaionyesha kwa kiingilio katika gati za London na bandari nyingine. Maonyesho yalipokosa wateja iliuzwa kama chuma chakavu. Septemba 1921, ilipokuwa ikivunjwa Birkenhead, ililipuka na kuua vijana watano waliokuwa wakijifunza ufundi.

Mfano wa karibu zaidi ni U-534. Tarehe 5 Mei 1945 ndege za Uingereza aina ya Liberator ziliizamisha katika mlangobahari wa Kattegat, kwenye kina cha mita 67. Kati ya mabaharia 52, watatu tu walikufa. Watano walinaswa chumba cha topedo cha mbele, wakasubiri maji yakijaze ili mgandamizo ulingane, wakafungua mlango na kupanda juu. Katika kina hicho hewa iliyo mapafuni imeshindiliwa karibu mara nane. Anayepanda hulazimika kuitoa njia nzima, la sivyo itatanuka na kuyapasua mapafu. Mmoja aliizuia pumzi yake na akafa.

Mzamiaji wa Kidenmaki aliipata nyambizi hiyo 1986, na Agosti 1993 iliopolewa kwa fedha za mchapishaji tajiri wa Denmark, Karsten Ree. Kulikuwa na uvumi kwamba ilibeba hazina ya Wanazi. Hazina haikuonekana. Kilichopatikana ni topedo, mitambo na vitu vya kila siku vya mabaharia, vilivyohifadhiwa vizuri na tope. Mwaka 1996 ilipelekwa Birkenhead, lakini taasisi iliyoionyesha ilifungwa 2006. Mamlaka ya usafiri ya eneo hilo iliichukua, na Februari 2008 ikakatwa vipande kwa waya wa almasi, kwa kuwa kuihamisha nzima kungegharimu mno. Chombo kilichopona mabomu na miaka 48 ya bahari kilikatwa kwa sababu ya gharama ya kukisogeza.

Kuhamisha na kuhifadhi

Gharama hiyo inakutwa kila mahali. U-505 ilitekwa tarehe 4 Juni 1944 karibu na pwani ya Afrika Magharibi na kikosi cha Kapteni Daniel Gallery, baada ya mabaharia wa Kimarekani kuingia ndani yake ikizama na kuziba mahali maji yalipokuwa yakiingilia. Wakazi wa Chicago walichanga fedha ikaletwa kwenye jumba lao la makumbusho 1954. Kwa miaka 50 ilikaa nje, ikipigwa na theluji, mvua na jua, hadi kutu ikatishia kuimaliza. Mwaka 2004 ilishushwa katika ukumbi uliochimbwa chini ya ardhi, kwa mradi uliogharimu dola milioni 35 hivi pamoja na ukarabati. Huo ndio mfano bora uliopo: nyambizi ndani ya jengo, katika hewa inayodhibitiwa unyevu na joto.

Hata nyambizi ndogo za baada ya vita zinasumbua. U-17, iliyotumikia jeshi la majini la Ujerumani Magharibi na kisha la Ujerumani iliyoungana, ilisafirishwa 2023 kutoka Kiel hadi Speyer kwa tishari, na 2024 ikaendelea hadi Sinsheim. Katika Mto Neckar, nyambizi hiyo ya tani 350 hivi ililazwa ubavu juu ya tishari ili ipite chini ya madaraja.

Sheria na makaburi

Anayefikiria kuopoa nyingine kutoka kilindini hukutana kwanza na sheria. Manowari iliyozama haiwi mali ya aliyeiona. Kwa kawaida hubaki mali ya dola iliyokuwa ikiimiliki, na nchi kadhaa zina sheria zinazokataza kuigusa bila kibali. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unalinda urithi uliokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi na unakataza kuufanyia biashara. Nyambizi za Vita Kuu ya Kwanza tayari zimefikia umri huo.

Juu ya sheria kuna heshima kwa wafu. Nyambizi nyingi zilizama na mabaharia wake wote, na mabaki yao yangali ndani. Ni makaburi. U-534 ilikuwa tofauti kwa kuwa waliokufa hawakufia ndani yake. Kuingilia kaburi la vijana 50 ili kutimiza shauku ya mtu mmoja ni dhuluma kwa waliokufa na kwa jamaa zao, na haigeuki kuwa halali kwa sababu tu aliyeiopoa ana fedha za kutosha.

Lililo ndani ya uwezo

Anayetaka kuzama baharini kwa chombo chake anaweza kununua nyambizi ndogo ya kisasa iliyokaguliwa na asasi zinazoidhinisha vyombo vya majini. Ni salama kuliko kuukuu yoyote na huendeshwa na mtu mmoja au wawili. Anayevutiwa na historia ana nne za kutembelea, na zote zinahitaji rangi, mafundi na fedha kila mwaka. U-995 ni ushahidi wa hilo. Baada ya Norway kuitumia na kuistaafisha, iliokolewa na chama cha mabaharia wa Ujerumani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 inasimama juu ya mchanga wa Laboe. Ilipona kwa sababu wengi waligawana mzigo wake. Mchango kwa chama au makumbusho ya aina hiyo huongeza maisha ya chombo halisi, na ndiyo njia pekee iliyothibitika ya kuwa na sehemu katika nyambizi ya Kijerumani.