Mtoto Apumuaye kwa Kinywa

Yuko mtoto ambaye kinywa chake ki wazi wakati wote. Shuleni husinzia, na akiitwa huitika mara ya pili au ya tatu, hata mwalimu akamhesabu kuwa mvivu. Nyumbani huambiwa, "Funga mdomo!" Naye huufunga kidogo, kisha huufungua tena. Pengine mtoto huyo si mvivu wala si mjinga, ila pua yake imeziba.

Pua ndiyo njia ya pumzi. Vinyweleo na ute wake hunasa vumbi, nayo hewa hupata joto na unyevu kabla ya kufika mapafuni. Kinywa hakiwezi kazi hiyo sawasawa.

Mwaka 1868 daktari mmoja wa Copenhagen, nchi ya Denmark, jina lake Wilhelm Meyer, alieleza habari za tezi zilizo nyuma ya pua, juu ya koo. Tezi hizo zikivimba huziba njia ya hewa, na pengine hupunguza hata kusikia. Huwa kubwa zaidi utotoni, kisha hunywea mtoto akikua. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 apumuaye kwa kinywa huenda ana sababu nyingine: pua inayodhuriwa na vumbi au chavua, ukuta wa katikati ya pua uliopinda, au mazoea yaliyobaki baada ya ugonjwa kwisha.

Mzazi atamtambuaje? Kwanza, amtazame mtoto akiwa katika shughuli zake, bila kumwambia kwamba anatazamwa. Pili, amsikilize usiku: je, anakoroma, anagaagaa, au mto wake umelowa mate? Asubuhi aangalie midomo kama imekauka na kupasuka. Katika miaka mingi kaakaa huweza kuwa jembamba na meno yakabanana.

Kisha ajaribu njia hii. Mtoto afunge kinywa, na kioo kidogo kikavu kiwekwe chini ya pua yake. Mianzi yote miwili ikipitisha hewa, ukungu utaonekana pande zote mbili. Si ajabu upande mmoja kuzidi mwingine kidogo. Lakini upande usiotoa ukungu kabisa, siku kadhaa, una kizuizi. Mtoto mkubwa aweza pia kuketi na kushika maji kidogo kinywani kwa dakika mbili au tatu. Akiweza bila taabu, pua yake yapitisha hewa, na huenda shida ni mazoea. Asijaribiwe akiwa na mafua, wala asilazimishwe.

Majaribio hayo hayamwambii mzazi jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Mtoto anayekoroma kisha pumzi ikakatika kwa kitambo usingizini apelekwe hospitali bila kukawia. Vivyo hivyo mtoto mdogo atokwaye na usaha wenye harufu mbaya upande mmoja wa pua, kwani huenda ametia humo harage au ushanga. Mzazi asichokoe kwa kijiti, wala asimfunge mtoto kinywa kwa kitambaa.

Basi, kabla ya fimbo kushikwa kwa sababu ya uvivu, mtoto na asikilizwe kwanza anapolala.