Bei ya programu ya hospitali imo katika mpangilio wa kumbukumbu

Desemba 2021 kampuni ya Oracle ya Marekani ilitangaza kuinunua Cerner, watengenezaji wa programu za hospitali, kwa dola 95 kwa hisa, jumla ya dola bilioni 28 hivi. Ununuzi ulikamilika Juni 2022. Sehemu kubwa ya thamani ya biashara ya aina hii ni wateja: hospitali ambazo kumbukumbu za wagonjwa wao zimeshapangwa kwa mfumo wa muuzaji, na kuhama ni gharama.

Mwenye zahanati naye hukutana na jambo hilo. Mpangilio rahisi ni jedwali lenye safu moja kwa kila swali: uzito, presha, dawa. Zahanati ikianza kupima sukari, jedwali hufumuliwa na fundi hulipwa upya.

Njia nyingine ilitumika Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutunza kumbukumbu kwa Microsoft Access. Huduma za Ukimwi zilipopanuka, mfumo mkubwa zaidi ulihitajika. Mwaka 2004 Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na shirika la Partners In Health walianzisha OpenMRS, iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006.

Msingi wake ni kamusi. Kila swali hupewa namba, na kila kipimo huwa mstari mmoja: mgonjwa, namba ya swali, tarehe, jibu. Kipimo kipya huongezwa katika kamusi bila kugusa jedwali. Programu haina ada ya leseni. Gharama hubaki kwa mashine, mafundi na mafunzo.

Hasara zipo. Ripoti huhitaji kazi zaidi kwa kuwa taarifa za mgonjwa zimo katika mistari mingi, na kamusi isiyo na msimamizi huzaa majina mawili ya ugonjwa mmoja, hesabu zikaharibika.

Maisha pia yamo humo. Mzio wa penisilini ukiandikwa kama maelezo matupu, ni vigumu kompyuta kumwonya mfamasia. Ukiwa na namba, onyo linawezekana.

Kabla ya kutia saini, mnunuzi aulize mambo matatu: kipimo kipya huongezwa kwa bei gani, nani msimamizi wa kamusi, na kumbukumbu zitatolewaje mkataba ukiisha. Muuzaji akikwepa la tatu, bei nafuu aliyotaja ni arbuni tu.