Habari za Msitu wa Nyumbanitu, na Maana ya Mwiko

Msafiri atokaye Makambako, penye njia panda ya Mbeya na Songea, akishika njia ya Njombe, huona pande zote milima ya majani, mashamba ya viazi, na miti iliyopandwa kwa safu: misindano, mikaratusi na miwati. Miwati ni mti wa kigeni. Magamba yake hutumiwa katika kutengeneza ngozi, na kampuni ya kuipanda huko Kibena ilianza mwaka 1949. Lakini miti ya asili katika nchi hii ya baridi ni haba. Basi mtu akisikia ya kuwa Wabena wanao msitu wa kale ambao haukufyekwa, huuliza mara moja: Nani aliyeulinda?

Msitu huo ni Nyumbanitu, nao uko karibu na kijiji cha Mlevela, katika wilaya ya Wanging'ombe. Jina ni la Kibena, *nyumba nitu*, yaani nyumba nyeusi. Wako wageni wadhanio kwamba weusi huo ni dalili ya ubaya, kama tusemavyo kwa Kiswahili "moyo mweusi". Sivyo. Kivuli cha miti mikubwa ni cheusi, na wingu lenye mvua ni jeusi. Ndiyo maana kwa makabila mengi ya Kibantu mnyama wa tambiko la mvua huchaguliwa mweusi. Hata kuku wa Nyumbanitu, ambao habari zao zimeenea sana, yasemwa ni weusi, wala hawana mtu awafugaye. Wazee husimulia pia kwamba siku za vita watu walijificha humo. Kwa hiyo nyumba nyeusi ni nyumba ya wahenga na ya kimbilio, si nyumba ya shetani.

Mgeni haingii humo kama aingiavyo sokoni. Kwanza huenda kwa wazee, huwaamkia "Kamwene", salamu ya Wabena na Wahehe, ndipo aeleze haja yake. Mzee humtangulia, naye husema na wahenga kabla ya kuingia, kama vile mtu apigavyo hodi mlangoni. Ndani hapakatwi mti, wala hapapigwi kelele. Kwa mwenye haraka mambo haya ni usumbufu mtupu. Kumbe huo ndio ukuta wa msitu, maana kwa vizazi vingi haukuwa na ukuta mwingine.

Na tuangalie maneno yetu. *Sheria* na *hifadhi* yametoka katika Kiarabu. *Mwiko* ni neno letu la Kibantu. Mvunja sheria huogopa kuonekana, na asipoonekana hulala usingizi. Mvunja mwiko huogopa hata akiwa peke yake, maana shahidi wake ni moyo wake mwenyewe. Kwa hiyo mwiko haukuhitaji askari.

Sisi tuliosomeshwa katika shule za misioni tulifundishwa kutowaabudu wahenga, na fundisho hilo hatulikani. Lakini wengi wetu tuliudharau mwiko wote pamoja na tambiko, tukawacheka wazee mbele ya watoto. Watoto hao walipokua hawakuwaogopa wahenga tena. Wala hatukuwa tumewapa sababu nyingine ya kuuacha mti usimame. Kosa hili ni letu, walimu.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 yatoa nafasi kwa kijiji kutenga msitu wake na kuutunza chenyewe. Ni jambo jema. Lakini karatasi haina moyo wa kuogopa. Yafaa walimu wa leo wawapeleke wanafunzi kwa wazee, wawafundishe kubisha hodi kabla ya kuingia, na kuwaambia waziwazi kwamba Mkristo naye ana mwiko wa kuiharibu kazi ya Muumba. Tusipofanya hivyo, jina la Nyumbanitu litabaki, na nyumba yenyewe haitakuwapo.